Ugonjwa Uliotafutiwa Kosa

Kwako wewe uliyeambiwa jana au juzi, ukarudi nyumbani hujui uanze kumwambia nani. Naitwa Mwanatumu, mke wa Bakari, wa Diani. Nimeugua matana, au ukoma kama wasemavyo wengine, nimetibiwa, na sasa niko kwangu. Haya nimeyaandika kwa herufi za chuoni, zile za Kiarabu, maana ndizo nilizofundishwa. Mkono wangu wa kulia una vidole viwili visivyonyooka, kwa hivyo kazi hii imenichukua msimu mzima wa kusi. Habari za dawa na jinsi inavyofanya kazi mwilini siziwezi, waulize wenye kuzijua. Mimi nitakueleza yaliyonipata, na hasa lile moja ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mpishi wa vitumbua. Waendao shamba, waendao pwani na watoto wa chuoni, wote walipita kwangu asubuhi. Nilijulikana kwa jambo moja. Wenzangu hupindua vitumbua kwa kijiti, mimi nilivipindua kwa ncha za vidole. Chungu kikichemka nilikiepua kwa mikono mitupu. Wanawake waliwaleta mabinti zao waje watazame, wakasema mkono ule una baraka, na mimi nikaamini. Chini ya kiwiko nilikuwa na baka lililopauka kidogo kuliko ngozi nyingine. Nililiita choa, nikalipaka dawa za majani, likabaki palepale. Sikushughulika nalo, kwani haliwashi wala haliumi.

Mwezi wa Shaabani, asubuhi moja, binti yangu Mishi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, aliniambia, "Mama, kunanuka nyama."

"Nyama gani, mwanangu? Leo hatuna nyama."

Kisha nikatazama chini. Kiganja changu nilikuwa nimekiegemeza kwenye ukingo wa karai, na nyama ile ilikuwa yangu.

Bakari alinipeleka Kwale. Tulipanda kilima kabla jua halijachomoza, tukaketi kwenye ubao mrefu wa zahanati pamoja na watu wengi: mama mwenye mtoto wa homa, mzee mwenye kidonda mguuni, vijana wawili waliokatwa na jembe. Tuliongea vizuri. Yule mama alinipa mtoto wake nimpakate akaenda kunywa maji. Adhuhuri niliitwa. Dresa, ndivyo tulivyowaita wasaidizi wa daktari, aliniambia nifumbe macho, kisha nionyeshe kwa kidole kila mahali atakaponichoma kwa pini. Nikafumba macho, nikangoja aanze. Nikangoja sana.

"Fumbua," akasema. "Nimeshamaliza."

Alilitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya kawaida, na mlango ulikuwa wazi. Nilipotoka, ule ubao uliojaa watu tangu asubuhi ulikuwa na Bakari peke yake. Wengine wote walikuwa wamesimama juani. Yule mama alikuwa akimfuta mtoto wake kwa pindo la leso, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Nilidhani watu wa kwetu watanikimbia. Wachache walikimbia, na hao sikuwalaumu. Lakini wengi walikuja. Walikuja kwa adabu, wakaketi, wakanipa pole, wakauliza habari za mkono. Kisha sauti ilishuka, na swali likatoka, kila mtu kwa namna yake: "Hebu fikiri vizuri, Mwanatumu. Hakuna uliyemkosea?" Mwingine akasema, "Huenda ni jambo la zamani, umelisahau." Mwanamke mmoja, aliyecheza na mimi utotoni, aliniuliza kama mama yangu aliwahi kusema chochote kuhusu mimba yangu, maana husemwa kwamba mtoto aliyetungwa mama akiwa katika siku zake huzaliwa na matana ndani yake. Mama yangu alikuwa kaburini miaka sita. Hata yeye walimfuata huko.

Ningependa kukuambia kwamba niliwakasirikia. Sikuwakasirikia, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Miaka mitatu kabla yangu, jirani yetu mmoja, Mejumaa, alianza kukunjika vidole. Alikuwa amemwacha mumewe mwaka uliotangulia. Mimi ndiye niliyesema pale kisimani, mbele ya wanawake wanane, "Mungu si Athumani. Mwenye kumdhalilisha mumewe huyaona malipo hapahapa." Alipokuja kununua vitumbua nilivitia kwenye jani, nikaliweka chini, nikarudi nyuma ndipo aokote. Chuoni sote tulisoma habari za Nabii Ayubu, aliyeugua mwili mzima naye ni mja mwema. Lakini Ayubu hakuwa jirani yetu. Siku aliyoondoka Mejumaa kwenda kambi ya wagonjwa kule Msambweni, nilihisi utulivu moyoni. Nilijua sababu ya yaliyompata, na sababu ile mimi sikuwa nayo. Nilimpenda mume wangu.

Kwa hivyo nilipougua, nililitafuta kosa langu kwa bidii kuliko mtu yeyote. Nilihesabu saumu nilizoacha na madeni ya maneno. Nilikumbuka kuku wa watu niliyempiga jiwe nikiwa msichana. Kila nililolipata lilikuwa dogo mno kwa ugonjwa huu, na udogo wake ndio ulionitia hofu.

Bakari hakuniuliza kwa mwezi mzima. Yeye ni mkwezi wa minazi, mtu wa maneno machache. Alasiri moja, baada ya sala, aliketi kizingitini akinoa kisu chake. Akakinoa mpaka nikajua kwamba kisu kimekwisha noleka na anatafuta pa kuanzia.

"Mama Mishi," akasema, "niambie tu. Hata likiwa kubwa namna gani, nitakusamehe."

"Nikuambie nini, Baba Mishi?"

"Lile ulilofanya."

Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amekonda, na nyumba yetu ilikuwa haina mgeni tena ila wale wa maswali. Nilimtazama nikaona kwamba mtu huyu anaomba chakula na mimi nina chungu kitupu. Ndipo nikasema uongo.

Mwaka wa arusi yetu, shangazi yake Bakari, Bi Saumu, alipotelewa na bangili ya fedha. Ilikuwa bangili ya mama yake. Watu wote wa nyumba ile walishika Msahafu wakaapa, nami niliapa. Sikuiba. Sikuijua hata ilipowekwa. Lakini alasiri ile nilimwambia mume wangu, "Ile bangili ya Shangazi niliichukua mimi. Niliogopa, nikaitupa kisimani."

Bakari aliweka kisu chini. Alishusha pumzi, mabega yakateremka, na kwa mara ya kwanza tangu Kwale nilimwona ametulia.

"Basi," akasema. "Sasa limejulikana. Lililojulikana lina dawa."

Tulichinja mbuzi wa kafara. Uani kwa Bi Saumu, mbele ya watu wa ukoo, nilipiga magoti nikaomba radhi kwa bangili nisiyopata kuiona kwa macho. Bi Saumu alilia. "Nimekusamehe," akasema, "na Mwenyezi Mungu akusamehe." Watu walifurahi siku ile kama wako arusini, wakala, wakanipongeza. Wale ambao hawakunipa mkono tangu Shaabani walinisogelea karibu. Hata mimi niliamini kidogo. Kila asubuhi nililitazama lile baka kuona kama linaondoka.

Halikuondoka. Likatokea jingine mgongoni, kisha ncha za masikio zikavimba zikawa nzito kama zimefungiwa kitu. Nyusi zikaanza kupukutika nikinawa uso. Na mtaani wakasema, "Kuna jingine hajalisema." Sasa nilikuwa mgonjwa na mwizi, na ule wizi nimejipa mwenyewe.

Mwanzo wa kaskazi nilikubali kwenda Msambweni. Lori la mbata, zile nazi kavu, lilinichukua. Nilipanda juu ya magunia, na Mishi alisimama mbali akishikwa mkono na Bi Saumu, ambaye ndiye angekaa naye. Sikumbusu. Nilikuwa nimekatazwa, na nilijikataza zaidi.

Kambi ile ilikuwa na nyumba za makuti kwa safu, zimezungukwa na mivinje, na upepo wake ni wa bahari mchana kutwa. Mtu wa kwanza kunijia, akiwa na upawa mkononi, alikuwa Mejumaa. Nilimtambua kwa mwendo. Vidole vyake vilikuwa vifupi kuliko zamani, lakini uso wake ulikuwa umejaa vizuri, tena mchangamfu, na yeye ndiye aliyesimamia jiko la upande wa wanawake.

"Shikamoo, dada," nikasema, nikitazama chini.

"Marahaba, Mwanatumu. Umekula?"

Nilikuwa nimekwisha kuulizwa mambo mengi miezi ile. Hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikatikisa kichwa, naye akanipeleka jikoni akanipakulia uji.

Mwaka wa kwanza nauhesabu kwa vidonge. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vichungu. Mejumaa alinisimulia kwamba walipofika wao walichomwa sindano za mafuta mpaka kuketi kukawa shida. "Wewe umekuja wakati wa neema," akaniambia. Tulipanga foleni mbele ya bibi muuguzi, tukameza mbele yake, tukafungua vinywa aone. Ninachokumbuka cha siku za mwanzo si vidonge bali mikono ya bibi huyo. Aliushika mkono wangu bila kitambaa, akaugeuza, akakata kucha zangu moja moja kama nimefiwa na mama akanirithi yeye. Nililia, akadhani ameniumiza.

"Huumii?" akauliza.

"Siumii, bibi. Sijashikwa siku nyingi."

Alinifundisha kutazama kwa macho kila ambacho mkono umeacha kuniambia. Shika hili nawe tangu leo, usingoje kufundishwa: kila jioni kabla ya magharibi, tazama viganja, nyayo na katikati ya vidole. Loweka miguu, ipake mafuta. Kikombe cha moto kifunge kitambaa. Usiende peku hata kama umezoea tangu kuzaliwa. Vidole havianguki vyenyewe kama watu wasemavyo. Huharibika kwa majeraha usiyoyasikia. Mimi kile kiganja nilichokiunguza kimebaki na kovu, lakini vidole vyote kumi ninavyo.

Baada ya wiki kadhaa nilishindwa kuendelea kula chakula cha Mejumaa na kunyamaza. Tulikuwa tunapepeta mchele.

"Dada Mejumaa, mimi nilikusema."

"Najua. Maneno ya Diani hufika mpaka huku."

"Nilisema ni kwa sababu ulimwacha mumeo."

"Nilimwacha kwa kuwa alinipiga. Mwaka uleule ng'ombe wa mjomba wangu alikufa, mbona huyo hukunitwisha?" Akacheka, akapuliza makapi. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Hapa nilimkuta mzee mmoja wa Gazi. Alipougua yeye, mimi nilikuwa mzima, na mimi ndiye niliyesema amekula mali ya yatima. Sikumjua yatima hata mmoja aliyedhulumiwa. Nilipofika hapa yeye ndiye aliyenionyesha pa kulala. Nikamwuliza, 'Mzee, huna chuki na mimi?' Akaniambia, 'Ulikuwa unaogopa, binti.'"

Nilisikia, lakini kusikia si kuelewa. Kilichonifungua macho ni mtoto. Masika yalipokaribia kwisha aliletwa msichana wa miaka minne hivi, Mbeyu, kutoka upande wa Mackinnon Road. Nyanya yake alimleta kwa siku tatu za njia, akamwacha, akarudi kwa mbuzi wake. Mbeyu alikuwa na baka shavuni lenye ukubwa wa jani la mkunde. Alilia juma zima kisha akaanza kunifuata mimi, akishika leso yangu kwa nyuma.

Nikajikamata namtazama na kutafuta. Nilianza kwa mama yake, labda alifanya jambo. Nikaenda kwa baba yake, kisha kwa babu zake. Nilikuwa nimekaa kivulini, mtoto amelalia paja langu, na mimi namjengea kesi, kama walivyomfukua mama yangu kaburini. Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ya kupiga magoti uani kwa Bi Saumu. Mtoto huyu hakufanya kitu. Mama yake hakufanya kitu. Na kama ni hivyo, basi na Mejumaa hakufanya kitu, na mimi pia. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na wazo lile halikuwa tamu. Lilinitisha. Ukishajua kwamba ugonjwa haukuja na hukumu, huna tena mlango wa kuufungia.

Usidhani nilipona hapo kwa moyo. Mwezi wa saba wa vidonge nilipatwa na homa kali, vinundu vyekundu vikajaa miguuni na usoni, na mshipa wa kiwiko ukauma kama umewekwa kaa la moto. Vidole viwili vya mwisho vikakunjika katika siku zile. Wagonjwa wengi hupatwa na hali hiyo katikati ya dawa, na hupita, lakini mimi nilirudi kulekule kwa zamani. "Ni kwa ule uongo," nikamwambia Mejumaa. "Nimejisingizia kiapo cha uongo juu ya Msahafu, sasa ndiyo naadhibiwa."

Alinifunga kitambaa cha maji ya baridi kipajini. "Ule uongo ni wa kurekebishwa," akasema. "Homa ni ya kuuguzwa. Usivitie chungu kimoja."

Homa ilipita na mvua za vuli.

Iddi ya mwaka wa pili niliamka sitaki kutoka. Nyusi zilikuwa zimekwisha zote, uso wangu ulikuwa uwanda mtupu. Mejumaa alikuja na wanja. Alinishika kidevu kwa vile vipande vya vidole vyake, akaniambia nisitikisike, akanichora nyusi mbili, moja imepanda kidogo juu ya mwenziwe. Mbeyu alinitazama akasema, "Unashangaa nini, mama?" Wanawake wote wa safu yetu wakacheka, nami nikacheka, tukaenda kuswali Iddi.

Mchana wa siku ile Bakari alikuja na Mishi. Alikuwa akija kila baada ya miezi miwili, lakini Mishi alikuwa hajaja tangu nilipoondoka. Amekuwa mrefu. Alisimama upande wa pili wa mivinje na mikono ameificha nyuma.

"Mama," akasema, "ni kweli uliiba?"

"Nani amekuambia?"

"Bibi Saumu. Anasema nisiguse vitu vya watu, nisije nikawa kama wewe. Mimi sigusi. Hata kalamu ya mwenzangu siigusi."

Nilimwona alivyoficha mikono, nikaelewa ni kwa nini. Alikuwa anailinda. Nilimwomba Mejumaa ampeleke akapewe tambi, kisha nikamgeukia baba yake.

"Baba Mishi, sikuiba ile bangili."

Alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Sikuiba. Sijui iko wapi. Nilisema kwa sababu uliniuliza na sikuwa na la kukupa."

"Tulichinja mbuzi," akasema.

"Najua."

"Umepiga magoti mbele ya ukoo wangu."

"Najua, mume wangu. Ulikuwa huli. Ulikuwa unakonda. Nilitaka utulie."

Alichuma jani la mvinje akalikata vipande vipande. "Basi ugonjwa umetoka wapi?"

"Sijui."

"Mejumaa? Na wale wote kule? Na yule mtoto?"

"Sijui, Bakari."

Alivimwaga chini vile vipande vya jani. Kisha akasema neno ambalo wakati ule liliniumiza, na leo naliona kuwa ni la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia: "Afadhali ungekuwa umeiba."

"Kwa nini?"

"Ungekuwa umeiba, ningemfundisha Mishi asiibe, yakaisha. Sasa nimlinde na nini?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira, lakini swali lile lilikuwa swali la baba. Nikamwambia, "Mlete huku. Bibi muuguzi amtazame ngozi, kisha umlete tena kila baada ya miezi sita. Likitokea baka likiwa bado changa, halimfikishi nilipofika mimi. Hiyo ndiyo kinga iliyopo. Kalamu ya mwenzake aiguse tu."

Waliondoka jioni ile. Miezi miwili ikapita, hakuja. Mwezi wa tatu ukaingia. Nilimwambia Mejumaa kwamba mume sina tena, naye hakunibishia, akanipa bamia nikate. Mwezi wa nne, siku ya Jumamosi, nilimwona Bakari anakuja kwa njia ya mbele, na Mishi yuko nyuma yake. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye foleni ya bibi muuguzi akasimama na mwanawe, katikati ya wagonjwa, bila kuacha nafasi mbele wala nyuma.

Mishi alitazamwa mgongo, mikono, mashavu na masikio. Alikuwa safi. Tangu siku ile hajakosa kutazamwa, na ni safi mpaka leo.

Mwaka wa tatu walianza kunikwangua ngozi ya masikio na kuipima. Mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa bado umo. Kisha ikawa safi, na safi tena, na safi tena. Nilipewa karatasi ya kuondoka baada ya mvua za masika. Nyusi zilikuwa zimerudi, si nyingi, lakini zangu. Mbeyu alikuwa ameondoka kabla yangu. Nyanya yake alikuja akambeba mgongoni ingawa alikuwa amekuwa mkubwa wa kutembea. Mejumaa alikuwa na karatasi yake zamani, ila aliamua kubaki na jiko lake. Tulipoagana hakulia. Alinipa upawa wa kifuu mpya, akaniambia nikirudi Diani niwasalimie wale walionisikiliza pale kisimani nilipomsema.

Siku ya tatu baada ya kurudi nilikwenda kwa Bi Saumu. Bakari alifuatana nami.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Karibuni."

Nikamwambia yote pale pale mlangoni, kabla sijaketi, maana niliogopa nikiketi nitanyamaza. Aliniuliza, "Kama hukuichukua wewe, aliichukua nani?"

"Sijui, Shangazi."

"Na mbona ulisema?"

"Mliniuliza sana. Nikadhani lazima liwepo jibu."

Alifumba macho. "Ilikuwa ya mama yangu ile," akasema.

"Najua. Nakupa pole nayo. Nilipaswa kukupa pole hii tangu ilipopotea."

Mpaka leo Bi Saumu hajatamka kwamba ananiamini, na bangili haijapatikana. Lakini mwisho wa juma lile alikuja kwangu, akaketi mkekani, akala wali na mimi katika sinia moja. Mishi alirudi nyumbani na mto wake.

Baadhi ya watu wamenikubali na wengine hawajanikubali. Kuna nyumba tatu ambamo sinywi maji. Vitumbua sipiki tena, kwa ajili ya moto. Nashona makuti na nafundisha wasichana kusoma. Nakuambia hivi ili usije ukarudi ukitazamia mlango wazi kila mahali, ukavunjika moyo na kusahau kuhesabu milango iliyofunguliwa.

Nimalizie kwa jambo la mwaka huu. Wiki mbili baada ya mvua kuanza, mkwezi mwenzake Bakari, Hamadi, alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika nyonga. Asubuhi ya pili, kisimani, walikwisha lipata kosa: alikuwa anakunywa tembo la mnazi, tena alimtusi baba yake. Bakari alikuwa anapita na kamba zake. Si mtu wa kusimama na wanawake kisimani, lakini alisimama.

"Kigogo cha mnazi kilikuwa kimelowa," akasema. "Mimi nilikuwa juu ya mnazi wa pili. Kigogo kilikuwa kimelowa."

Niliacha ndoo yangu palepale kisimani. Tulikwenda pamoja mpaka kwa Hamadi. Alikuwa amelazwa kitandani, mguu umefungwa kwa mbao, anangoja lori la kumpeleka hospitali. Mkewe alikuwa amekaa mbali naye kidogo, ameshika tama, na nilimjua alivyo, alikuwa anahesabu makosa. Hamadi alimwona Bakari akaanza kutoa machozi.

"Bakari," akasema, "mimi nimefanya nini?"

Bakari aliketi ukingoni mwa kitanda. "Umepanda mnazi, ndugu yangu," akasema. "Ukaanguka." Kisha akamtia mkono chini ya shingo, polepole, akamnyanyua anywe maji, na mimi nikaenda kuketi na mkewe.